Marehemu Aliyebeba Mchele

Kuna nchi moja ambayo watu wake hawana njaa. Sentensi hiyo imewekwa mwanzoni kwa sababu sheria ya nchi yenyewe inataka kila habari, iwe ya mpira, ya mvua au ya ajali, ianze nayo. Ikishasemwa, msimulizi yuko huru kueleza yaliyotokea.

Yaliyotokea yalimpata Asumini, mpishi wa shule ya msingi na mke wa Mwalimu Lutengano. Jumatatu moja alikuwa anaanua nguo uani alipofika tarishi wa Wizara ya Furaha, akampa bahasha yenye mihuri minne na kumtaka atabasamu kabla ya kuifungua. Asumini akatabasamu. Tarishi akamkagua meno, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

Barua ilisema hivi: "Familia yako imeteuliwa kufurahi. Mtaripoti katika Hoteli ya Bustani ya Furaha ya Taifa siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, bila kukosa, na mtafurahi kwa muda wa siku tatu mfululizo. Kila kitu kitatolewa na Serikali. Ni marufuku kuja na chakula. Kuja na chakula ni kuiambia Serikali kwamba hamuiamini. Familia itakayokataa kufurahi itaelezwa faida za furaha mahali pengine."

Watoto waliruka mpaka vyungu vikatikisika. Sekela, wa miaka tisa, aliijua Bustani hiyo kwa picha iliyokuwa nyuma ya kila daftari la shule: gurudumu kubwa kuliko kanisa, na watu juu yake wanacheka. Gwakisa, wa miaka minne, hakujua lolote ila aliruka kwa sababu dada yake ameruka. Mwalimu Lutengano aliisoma barua mara tatu, akavaa miwani akaisoma tena.

"Katika walimu wote wa wilaya!" alisema. "Mama Sekela, wametuona."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kuonwa," alisema Asumini. "Mama atakula nini huko?"

Mama aliyemsema ni Bi Ikupa, mama mkwe wake, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa ameagiza ale kwa saa: asubuhi, saa saba mchana, na jioni jua likielekea kuzama. Saa ikipita, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, na anaanza kusalimiana na watu ambao hawamo chumbani.

"Barua imesema kila kitu kitatolewa," alisema Lutengano.

"Imesema," Asumini alijibu, kwa sauti ya mtu aliyezizoea barua.

Jioni ile alikwenda kwa jirani yake, Bi Chiku, ambaye familia yake iliteuliwa kufurahi mwaka uliopita na ikarudi imekonda. Bi Chiku alifungulia redio kwa sauti ya juu kabisa, kisha akamsogelea sikioni.

"Hotelini kuna menyu," alisema.

"Nzuri?"

"Nzuri mno! Ina kurasa kumi na mbili. Kuku wa kukaanga yumo. Samaki wa kupaka yumo. Mhudumu anakuja na shati jeupe, anakusomea ukurasa hadi ukurasa, mate yanakujaa mdomoni."

"Halafu?"

"Halafu anaifunga."

Redio ilikuwa inatangaza kwamba mavuno yamezidi tena.

"Siku ya tatu," aliendelea Bi Chiku, "mume wangu alikula sabuni. Sabuni zao zina harufu ya limau."

"Na mliporudi hamkusema?"

"Tulisema tumefurahi. Kuna fomu, na fomu ina jibu moja tu. Sikiliza, shoga yangu. Beba chakula. Na usinitaje."

*

Jumatano Asumini alikwenda Duka Kuu la Neema. Bi Ikupa alimfuata, kwa sababu alisema manunuzi ya safari yanamfurahisha kuliko safari yenyewe.

Katika nchi ile mtu huruhusiwa kununua chakula cha siku moja. Anayenunua cha siku mbili anashtakiwa kwa kosa la Kuitilia Shaka Kesho. Kosa hilo lina kifungo chake, na kifungo kina chakula chake, ambacho nacho hutolewa kwa siku moja moja. Mlangoni mwa duka alikaa Afisa wa Shibe, mtu mnene aitwaye Ndimbo, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama vikapu.

"Kikapu kikubwa hicho, dada," alisema. "Unaitilia shaka kesho?"

"Sithubutu, afisa."

"Basi una harusi?"

"Sina."

"Harusi zenyewe zimezuiwa tangu mwezi uliopita, nilikuwa nakupima tu. Siku hizi anayeruhusiwa kununua kwa wingi ni mwenye msiba. Serikali inatambua kwamba watu wenye huzuni wanakula sana."

Asumini alimtazama afisa, akatazama rafu. Kwenye rafu za mbele yalipangwa makopo matupu yaliyopakwa rangi vizuri. Kwenye rafu za nyuma, ukikaza macho, uliona magunia.

"Nina msiba," alisema.

"Pole sana. Nani amefariki?"

Hapo Asumini alikwama. Hakuwa amefikiria kwamba msiba unahitaji mtu. Isitoshe, kuidanganya Serikali lilikuwa kosa kubwa, ingawa kinyume chake hakukuwa na sheria inayokikataza.

"Niandike mimi," ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Bi Ikupa alikuwa amekaa anajipepea kwa ncha ya kanga. Afisa Ndimbo alimgeukia.

"Lakini mama, wewe uko hai."

"Fomu yako ina sehemu ya kuuliza hilo?"

Afisa aliigeuza fomu mbele na nyuma. Haikuwa nayo.

"Jina kamili?"

"Ikupa binti Ndelwa."

"Sababu ya kifo?"

"Andika uvumilivu."

Afisa aliandika taratibu, herufi baada ya herufi, akagonga muhuri. Kisha akasimama, akavua kofia, akampa Bi Ikupa mkono. "Pole kwa msiba, mama."

"Asante, mwanangu. Alikuwa mtu mzuri."

Waliingia ndani. Asumini, aliyekuwa akipikia watoto mia tatu kwa sufuria mbili, hakuhitaji karatasi. Alichukua mchele kilo tano, maharage ya njano, unga wa ulezi kwa uji wa Mama, dagaa wakavu ambao kwanza alionja mmoja, njugu mafungu manne, nazi mbili alizozitikisa sikioni moja moja, vitunguu, chumvi, majani ya chai, na viazi vitamu vya watoto. Aliposhika kikapu kilichojaa mpaka mkono ukamuuma, alijikuta anacheka peke yake. Hiyo ilikuwa furaha halisi. Kwa bahati mbaya ilimpata nje ya Bustani, kwa hiyo haikuingizwa kwenye takwimu.

*

Alhamisi nyumba nzima ilishona. Mchele uliingia kwenye mto wa kulalia. Maharage yalijaa tumboni mwa mwanasesere wa Sekela, ambaye kwa mara ya kwanza aliweza kukaa bila kuegemezwa. Njugu ziliingia kwenye soksi. Dagaa, kwa sababu ya ubapa wao, walipangwa ndani ya jalada la Mwalimu Lutengano lililoandikwa *Maadili ya Raia Mwema, Darasa la Sita*.

"Mama Sekela," alisema Lutengano, jasho likimtiririka, "mimi ndiye ninayelifundisha somo hili."

"Utalifundisha vizuri zaidi ukiwa umekula."

Ijumaa saa tatu kasoro walifika langoni. Juu ya lango kulikuwa na maandishi makubwa: KARIBU. UMESHAANZA KUFURAHI. Chini yake askari wanawake walikuwa wanapekua. Waliminya mito, waligonga visigino vya viatu, walichungulia ndani ya chupa za mafuta ya nazi. Mbele ya Asumini kulikuwa na baba mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji nene. Askari aliugonga kwa rungu, akaunusa, akaufungua. Ndani mlikuwa na muhogo wa kuchemsha. Mguu ulichukuliwa kama ushahidi, na mwenyewe akachukuliwa pamoja nao kwenda kuelezwa faida za furaha.

Mto wa mchele ulikuwa mkononi mwa Asumini, na mchele ukiuminya hunong'ona.

Karani wa lango, kijana mwenye sauti ya kanisani, alikuwa anasoma majina. "Lutengano, yupo. Asumini, yupo. Watoto wawili, wapo. Ikupa binti Ndelwa..." Alisita. Akasogeza daftari karibu na macho. "Huyu ni marehemu. Tangu Jumatano."

Mwalimu Lutengano alifungua mdomo ili aseme ukweli, na Asumini akamkanyaga mguu.

"Ni kweli," alisema Asumini. "Ilikuwa ghafla."

Karani alimtazama Bi Ikupa, aliyekuwa amesimama palepale akimpangusa Gwakisa makamasi. Akaliita jambo hilo gumu, akamwita mkubwa wake, na mkubwa akaja na kitabu cha kanuni. Wakainama juu yake wote wawili.

"Mwaliko ni wa watu watano," alisema mkubwa hatimaye. "Wakiingia wanne hesabu ya taifa itaharibika. Kwa hiyo marehemu ataingia. Ila hatapewa kadi ya mlo, kwa kuwa marehemu hali. Hatapanda bembea. Na kwa mujibu wa kifungu cha tisa, hatapekuliwa."

"Hatapekuliwa?" aliuliza Asumini.

"Maiti hapekuliwi, mama. Sisi ni nchi yenye utu."

Asumini aliinamisha kichwa kama mtu aliyechomwa na uchungu. Alipokiinua macho yalikuwa mekundu, maana alikuwa ameyasugua kwa kidole chenye harufu ya kitunguu. "Naomba dakika tano, mimi na familia yangu, tumuage."

Walipewa pazia. Nyuma ya pazia walisikika wakilia, na katikati ya kilio sauti ya Bi Ikupa ilisema, "Huko hapana, huko panawasha, ni dagaa hao!" Walipotoka, Lutengano alikuwa na jalada jembamba, mwanasesere alikuwa amekonda, mto ulikuwa bapa, na marehemu alikuwa amenenepa sana.

"Huvimba," karani alimwambia mkubwa wake kwa huzuni. "Ni hili joto."

Bi Ikupa alilivuka lango polepole, mgongo umenyooka, kilo tano za mchele zikiwa zimemzunguka kiuno na nazi mbili zikiwa mahali ambapo nazi mbili hazitiliwi shaka. Askari walipanga mstari na kumpigia saluti.

*

Bustani ilikuwa nzuri, nani atasema haikuwa nzuri? Gurudumu kubwa la kwenye madaftari lilikuwepo. Lilizunguka anapokuja kiongozi. Siku nyingine watoto walipandishwa, wakakaa, wakaambiwa watazame mawingu, kwa kuwa mawingu yanakwenda. Bwawa la mitumbwi lilikuwa na maji kwa mujibu wa tangazo, na watoto walipiga makasia kwenye saruji huku mwangalizi akiwaonya wasizame. Palikuwa na Nyumba ya Vitisho vya Zamani pia, iliyojengwa ili kuwaonyesha vijana maisha yalivyokuwa kabla ya Serikali hii. Ilifungwa baada ya wiki mbili. Ndani mlikuwa na duka la zamani, lenye rafu za mikate, siagi na maziwa, na watu wazima walisimama mbele yake wakakataa kutoka.

Chumba chao kilikuwa cha ghorofa ya pili. Kilikuwa na vitanda viwili, picha ya Waziri, na birika la umeme la kuchemshia maji. Asumini alilitazama birika kama fundi anavyotazama cherehani. Saa saba kamili mchana wali wa birika ulikuwa tayari, na Bi Ikupa alikula akiwa amekaa kitandani, akisema kwamba kwa mtu aliyekufa juzi anajisikia vizuri.

Jioni walishuka ukumbini kama ratiba ilivyotaka. Familia ishirini zilikaa mbele ya sahani zinazong'aa. Mhudumu mwenye shati jeupe, jina lake Tiba, alifungua menyu na kusoma. Alisoma kwa ustadi, akituliza sauti kwenye mchuzi na kuipandisha kwenye nyama. Alipofika kwenye samaki wa kupaka, sauti yake ilikatika, akageukia ukuta kwa muda. Kisha akaifunga menyu, na familia zote zikapiga makofi. Asumini alipotazama meza za jirani aliona jambo: hakuna aliyekuwa na sura ya njaa. Kila mtu alikuwa anapangusa midomo kwa siri.

Jumamosi asubuhi, Asumini akiwa anapasha dagaa kwa kitunguu, mlango uligongwa. Mwalimu Lutengano alisimama katikati ya chumba akanyoosha mikono mbele, tayari kwa pingu. Aliyeingia alikuwa Meneja wa hoteli, Bwana Sembuli, mtu mrefu mwenye tai na suruali iliyomlegea kiunoni. Pua yake ilitangulia, mwili ukafuata. Aliufunga mlango nyuma yake.

"Kuna harufu," alisema.

"Ni mimi!" Lutengano alipaza sauti. "Nakiri! Watoto hawahusiki!"

Meneja hakumsikia. Alikuwa anatazama birika. "Wamebaki?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Asumini alimpakulia kwenye kisosi. Meneja alikula akiwa amesimama, kisha akakaa sakafuni karibu na Gwakisa. "Dagaa," alisema, kama mtu aliyetaja jina la ndugu aliyepotea.

Alipomaliza, alieleza shida yake. Saa nane mchana angefika Waziri wa Furaha, na pamoja naye wageni kumi na wawili kutoka nchi za mbali, wale waliojenga jiko la hoteli.

"Kumbe jiko lipo?" alishangaa Asumini.

"Lipo, mama. Limezinduliwa mara sita. Kila mzinduzi akiondoka tunaufunga utepe upya kwa ajili ya mwingine. Halijawahi kuwashwa."

"Na wageni huwa wanakula nini?"

"Huwa hawali, wanaonyeshwa. Tuna kuku wa plasta, amepakwa rangi vizuri sana. Lakini mwaka jana mmoja alitafuna, akavunjika jino. Tukamwambia ni chakula cha asili. Mwaka huu wameandika kwamba watakula na familia, wote meza moja." Alimtazama Asumini, na macho yake yakajaa machozi. "Sikutishi, mama. Kutisha ni kazi ya ofisi nyingine. Mimi nakuomba."

Asumini alitazama kilichobaki. Akili yake iligawa yenyewe: mlo wa leo jioni, uji wa Mama wa kesho, wali wa watoto wa kesho mchana. Ukimpa Waziri, kesho haipo. Na huyu baba aliyekaa sakafuni akichokonoa kisosi, usipopika, ndiye atakayebeba lawama.

"Nitapika," alisema. "Lakini mama mkwe wangu anakula saa saba. Na familia zote zinakula saa saba, kabla ya Waziri."

"Haiwezekani! Itifaki inasema Waziri ndiye—"

"Basi itifaki ipike."

Meneja alisimama, akakaza mkanda, akaenda kuukata utepe wa jiko kwa mkasi wa kukatia kucha.

Habari ilipanda ngazi ikashuka ngazi. Milango ya vyumba ikaanza kufunguka kwa woga, na vitu vikaanza kutoka. Muhogo ulitoka ndani ya magodoro. Bamia zilitoka kwenye mwavuli. Mzee mmoja alivua kilemba, kumbe kilikuwa mchicha. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alileta kuku mzima, hai, ambaye tangu jana alikuwa amefunikwa shali, ameandikishwa langoni kama mtoto mchanga, na alikuwa na kadi ya chanjo.

Asumini alifunga kanga kiunoni. Tiba mhudumu alikuna nazi, na machozi yakimdondoka alisema ni mara yake ya kwanza kuona ukurasa wa saba ukipikwa. Watu waliokuwa wakiogopana kwenye ngazi walimenya viazi pamoja. Mwalimu Lutengano alipewa kazi ya kupuliza moto, akaupuliza kwa bidii ya raia mwema, mpaka akasahau kuogopa. Asumini, akionja chumvi kwenye kiganja, aliona aibu kidogo jinsi alivyokuwa na raha.

Saa saba kamili Bi Ikupa alipelekewa sahani ya kwanza. Baada yake walikula watoto, kisha wazazi, kisha wahudumu, kisha Meneja mara mbili.

*

Waziri wa Furaha, Burudani na Mambo Yanayofanana na Hayo alifika saa nane na nusu. Gurudumu kubwa likaanza kuzunguka kwa kelele. Wageni kumi na wawili walikaa mezani, na wote wakaletewa wali, maharage ya nazi, kuku, mchicha na dagaa. Mgeni mmoja mama mzee alikula, akafumba macho, akaomba tena. Waziri mwenyewe, aliyekuja akiwa tayari kutafuna plasta kwa ajili ya taifa, alishtuka ulimi ulipogusa mchuzi. Alimtazama Meneja. Kisha akainama, na hakuinua kichwa mpaka sahani ilipokuwa tupu. Aliomba ukoko. Sufuria zikakwanguliwa.

Aliposimama kuhutubia alikuwa anahema.

"Wageni waheshimiwa," alisema, "mlichokula ndicho chakula cha kawaida cha mwananchi wa kawaida siku ya kawaida. Wapo maadui wanaosema kwamba hapa pana njaa. Nawauliza: njaa inatiwa nazi? Nchi hii imeshiba kiasi kwamba imebidi tuanzishe Wizara ya kuwasaidia watu kuivumilia shibe! Na kwa furaha niliyoiona leo, natangaza kwamba familia hizi hazitafurahi siku tatu tena. Zitafurahi siku saba!"

Katibu wa Waziri akaanza kupiga makofi, familia zikamfuatia, taratibu, kama watu wanaoua mbu.

"Mpishi aje aishukuru Serikali!" aliagiza Waziri.

Asumini aliletwa mbele akiwa na mwiko mkononi. Aliwekewa kadi iliyochapwa: *Tumeshiba, tumefurahi, tunaomba tuendelee.* Aliitazama. Aliwatazama wanawe kwenye meza ya pembeni, Sekela akiwa amemshika bibi yake mkono. Siku saba. Alizigawa kichwani, na kila alipogawa alipata sufuria tupu ile aliyotoka kuikwangua kwa ajili ya ukoko wa Waziri. Woga aliokuwa nao tangu Jumatatu ulikuwepo bado, lakini ulikuwa umechoka.

"Mheshimiwa," alisema, "umekula chakula cha watoto wangu cha kesho. Nilikibeba kutoka nyumbani. Naomba kuuliza: kesho tutakula nini?"

Katibu aliacha kalamu ikaanguka. Mwalimu Lutengano alisimama. Asumini alidhani amesimama ili amwombee radhi. Lakini mwalimu alisema, "Na mimi nilitaka kuuliza hilohilo." Akabaki amesimama.

Mgeni mama mzee alimgeukia mkalimani wa Wizara, kijana mwenye suti nzuri. Mkalimani akasema maneno mafupi kwa lugha yao, na wageni wote kumi na wawili wakasimama wakapiga makofi kwa nguvu.

"Amewaambia nini?" Asumini alimnong'oneza Tiba, aliyekuwa anaijua lugha ile kidogo.

"Kwamba umesema karibuni tena kesho."

Waziri alipiga makofi pamoja nao, akitabasamu kwa meno yote, na macho yake yalikuwa yamemganda Asumini usoni. Alimnong'oneza katibu, katibu akamnong'oneza Meneja, na Meneja akaja na fomu. Aliisoma kwa sauti: "Familia hii imefurahi kupita kiwango kinachoruhusiwa kwa afya. Inaamriwa kuondoka Bustanini mara moja, kabla furaha haijaenea."

Dakika kumi baadaye walikuwa langoni na mizigo mitupu. Karani aliwapa pole. Nyuma yao, kwenye kaunta ya mapokezi, palikuwa pameanza foleni. Wa kwanza alikuwa mama mwenye kuku, sasa bila kuku. Alimwinamia Meneja, akauliza kwa heshima zote, "Samahani, mheshimiwa. Kesho tutakula nini?" Meneja akamjazia fomu. Aliyefuata akauliza hilohilo. Fomu zilipokwisha, Meneja aliandika nyuma ya kurasa za menyu, na ya mwisho kabisa aliijaza kwa jina lake mwenyewe. Gazeti la Serikali lilikuja kuandika siku ya Jumatatu kwamba, kutokana na uongozi bora, familia zote ishirini zilimaliza kufurahi kabla ya muda uliopangwa.

Kwa sasa zilikuwa zinatembea kando ya barabara kuu, jua la jioni likiwapiga visogoni. Penye njia panda mwanamke alikuwa anachoma mahindi. Hakuwa na kibali, hakuwa na menyu. Bi Ikupa alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akapewa hindi lililoiva vizuri, akalila punje kwa punje, kwa wakati wake. Alilalamika kwamba limekosa chumvi. Asumini aliposikia lalamiko hilo, mabega yalimshuka, akagundua kwamba alikuwa ameyapandisha tangu Jumatatu.

Gwakisa alikuwa amesimama wima mbele yake, mikono pembeni, kama walivyofundishwa kusimama kwenye picha.

"Mama," aliuliza, "tumemaliza kufurahi?"

"Tumemaliza, mwanangu."

"Sasa tunaweza kucheza?"

Asumini alimvua viatu, na mtoto akaingia mbio vumbini, akimkimbilia dada yake.